KUSOMA KUNAMSHINDA, AKILI ANAYO
Jinsi ya kupimwa disleksia kabla ya kwenda chuo kikuu

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hapa Griftu kuna nyumba zinazoshangilia na nyumba zinazonyamaza. Lakini kuna kundi la tatu ambalo halisemwi. Ni vijana waliopata alama za kuingia chuo kikuu, wakachangiwa nauli na jamaa, wakasafiri mamia ya kilomita mpaka Nairobi au mbele zaidi, kisha baada ya mwaka mmoja wakarudi nyumbani bila kueleza sababu. Watu husema ati ameharibiwa na mji, au karo imemshinda. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine sababu ni nyingine kabisa: kijana hawezi kusoma kwa kasi inayotakiwa chuoni, na hajawahi kumwambia mtu.

Katika toleo hili tungependa kuzungumzia shida hiyo, ambayo wataalamu huiita disleksia. Tutaeleza ni kitu gani, inapimwa namna gani, na kwa nini karatasi moja, yaani ripoti ya upimaji, inaweza kumfanya mwanafunzi amalize digrii yake badala ya kuiacha njiani. Tunaomba wazazi, walimu na hasa vijana wenyewe wasome mpaka mwisho. Na yule ambaye kusoma kunamchosha, tafadhali asomewe na mwenzake. Hakuna aibu.

DISLEKSIA NI KITU GANI?

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kuunganisha herufi na sauti zake upesi na bila makosa. Mtu huzaliwa nao, na mara nyingi uko katika ukoo: ukiuliza vizuri utasikia kwamba mjomba au baba naye aliacha shule kwa sababu hiyo hiyo. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana wala jicho baya. Si uvivu. Hauna dawa ya kumeza, na mtu akutakaye pesa kwa dawa kama hiyo anakudanganya.

Jambo la muhimu kuliko yote ni hili: disleksia haipimi akili. Mtu anaweza kuwa na akili nyingi sana na bado asome polepole, akirudia mstari mmoja mara tatu. Makadirio yanayotumika sana duniani ni kwamba kati ya watu 5 na 10 katika kila 100 wana disleksia, wengine kidogo, wengine sana. Maana yake ni kwamba katika darasa la watoto 50, mwalimu asishangae akipata watatu, wanne au hata watano.

Jambo hili si geni. Neno disleksia lilitumiwa kwanza na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, katika miaka ya 1880. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 ambaye macho yake yalikuwa mazima, hesabu aliiweza, lakini maneno ya kawaida kabisa hakuweza kuyasoma. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka 100 imepita, lakini maneno ya mwalimu yule yangeweza kusemwa leo hapa Griftu kuhusu watoto wetu wengi.

KWA NINI HAPA KWETU INAJIFICHA?

Jamii yetu ya wafugaji ni jamii ya mdomo na sikio. Kijana anaweza kuwajua ngamia wa baba yake mmoja mmoja, mama wa kila mmoja na bibi yake, na asikosee. Anaweza kusikiliza kesi ya wazee asubuhi nzima na jioni akawasimulia wenzake neno kwa neno. Kijana wa namna hii hujifunza kuishi shuleni kwa kutumia masikio. Mwalimu akieleza, anashika. Usiku wenzake wakisoma kwa sauti, yeye anakaa karibu na kukariri. Maswali ya miaka iliyopita anayajua kwa moyo. Kwa njia hiyo anavuka darasa la nane au la tisa, anavuka kidato cha nne, na mtu hajui kitu.

Chuo kikuu mambo hubadilika. Mhadhiri hasomei mtu. Anataja vitabu vitatu na kusema, tukutane wiki ijayo. Kuna kurasa mia mbili za kusoma, kuna insha ya kuandika, na wale wenzake wa zamani wametawanyika, mmoja Eldoret, mmoja Garissa, mmoja nyumbani. Masikio peke yake hayatoshi tena. Ndipo kijana anaanza kukosa madarasa, anachelewesha kazi, halafu anapotea.

Sababu nyingine ya kujificha ni kwamba hapa kuna visingizio vingi vya kweli. Kiingereza ni lugha ya tatu au ya nne ya mtoto. Walimu wamekuwa wachache: mwaka 2018, na tena mwaka 2020, walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Kaskazini Mashariki kwa sababu ya mashambulizi, na madarasa mengine yakabaki bila mwalimu. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulileta misimu mitano ya mvua iliyokosa kunyesha, familia zikahama na mifugo, watoto wakakosa shule. Kwa hiyo mtoto akishindwa kusoma, kila mtu ana jibu tayari. Na jibu hilo mara nyingi ni sahihi! Lakini si kwa kila mtoto. Kazi ya kupima ni kutenganisha mtoto ambaye hakufundishwa na mtoto ambaye amefundishwa sawasawa na wenzake lakini herufi bado zinamkataa.

DALILI ZA KUANGALIA

Hakuna dalili moja inayotosha. Lakini ukiona nyingi kati ya hizi kwa pamoja, na zimedumu miaka, fikiria kumpeleka akapimwe:

1. Anajibu vizuri sana kwa mdomo, lakini karatasi yake ya mtihani haifanani na majibu yake.

2. Anasoma polepole, anaruka maneno madogo, au anabahatisha neno kwa kuangalia herufi ya kwanza.

3. Anaandika neno moja kwa namna tatu tofauti katika ukurasa mmoja.

4. Kunakili kutoka ubaoni kunamchukua muda mrefu kuliko wenzake.

5. Anachanganya mpangilio wa vitu kama miezi ya mwaka, au anasahau maagizo matatu yakitolewa kwa pamoja.

6. Hukwepa kusoma mbele ya watu. Siku ya kusoma kwa zamu anaomba kwenda nje, au anaumwa tumbo.

7. Kuna mtu mwingine katika familia aliyekuwa na shida kama hiyo.

Dalili ya sita walimu huielewa vibaya sana. Mtoto anayefanya vituko darasani wakati wa kusoma huenda anachagua kuitwa mtundu badala ya kuitwa mjinga.

SHAHIDI MZURI: MAALIM WA DUKSI

Hapa kwetu tuna shahidi ambaye watu wa mijini mara nyingi hawana. Watoto wengi wa Griftu huanza duksi kabla ya shule. Huko wanakutana na herufi za Kiarabu kwenye ubao, halafu shuleni wanakutana na herufi nyingine za Kiswahili na Kiingereza. Nyumbani wanazungumza Kisomali, au Kiborana.

Basi muulize maalim wa duksi maswali mawili. La kwanza: mtoto huyu anakariri vipi kwa kusikia? La pili: akionyeshwa ukurasa ambao hajaukariri, anaweza kusoma herufi na kuziunganisha kama wenzake walioanza naye? Mtoto aliyekosa Kiingereza tu hatakuwa na shida ya pekee kwenye ubao wa duksi. Lakini mtoto ambaye anakariri vizuri kwa kurudiarudia, na bado herufi zinamtatiza katika Kiarabu na pia katika Kiswahili, huyo kizuizi chake huenda si lugha. Habari hii mpelekee mtu wa kupima, kwa sababu huenda yeye asijue kuiuliza.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu lugha. Kiswahili na Kisomali huandikwa karibu kama zinavyotamkwa. Kiingereza sivyo. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao lugha yao huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma kwa makosa machache kuliko wenzao. Lakini ubongo wa wote ulionyesha upungufu ule ule wakati wa kusoma. Maana yake kwetu ni kwamba kijana anaweza kusoma Kiswahili bila makosa mengi, na bado awe na disleksia. Itaonekana katika mwendo wake, kwamba anasoma polepole na kuchoka, kisha Kiingereza kikija kinamwangusha kabisa. Kwa hiyo usikubali aambiwe, ‘Wewe si unasoma Kiswahili? Basi huna shida.’

APIMWE WAPI, NA NAMNA GANI?

Hatua ya kwanza: macho na masikio. Kabla ya jambo lolote, mpeleke hospitali akaangaliwe macho na masikio. Wengine wanahitaji miwani tu. Weka karatasi ya hospitali mahali salama, maana utaulizwa.

Hatua ya pili: kituo cha EARC. Hivi ni vituo vya tathmini na nyenzo za elimu vilivyo chini ya Wizara ya Elimu. Vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark, ili watoto wenye mahitaji maalum wapimwe karibu na kwao. Anayetoka Griftu aanzie ofisi ya elimu ya Wajir West, aulize afisa wa elimu maalum ni nani na anapatikana siku gani. Usifunge safari ya Wajir mjini bila kuuliza, kwa sababu afisa mmoja huhudumia eneo kubwa na huenda siku hiyo yuko shule nyingine. Afisa huyu anaweza kufanya uchunguzi wa kwanza, kuandika matokeo, na kukuelekeza mbele.

Hatua ya tatu: uchunguzi kamili. Kwa mwanafunzi mkubwa anayeelekea chuo kikuu, uchunguzi wa kwanza huenda usitoshe. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na ambayo iko Kasarani, Nairobi, ina kituo cha kitaifa cha kupima. Pia kuna wanasaikolojia wa elimu wa kujitegemea mijini, lakini bei zao ni za juu na hutofautiana. Uliza bei kabla ya siku, na uliza kama ripoti ya maandishi imo ndani ya bei hiyo. Kama kijana ana safari ya Nairobi kwa jambo lingine, panga mambo mawili yaende pamoja, nauli itumike mara moja.

Siku ya kupimwa si siku ya mtihani wa kufaulu au kuanguka. Mpimaji ataanza kwa maswali: mtoto alianza kusema lini, alisoma shule gani, alikosa shule muda gani, nyumbani kunasemwa lugha gani. Halafu atampa kazi mbalimbali kwa saa kadhaa. Atamwomba asome maneno, na maneno mengine ya kubuni yasiyo na maana, kuona kama anaweza kuunganisha sauti bila kubahatisha. Atapima kasi ya kusoma, tahajia na kuandika. Atamtaka acheze na sauti, kwa mfano aseme neno baada ya kuondoa sauti ya kwanza. Atapima kumbukumbu ya muda mfupi. Na atampa mafumbo ya picha na maumbo yasiyohitaji kusoma, ili aone akili yake bila kizuizi cha herufi. Hapo ndipo tofauti inapojitokeza: huku anapaa, kule anakwama.

Kijana aseme ukweli wote. Aseme pia kama Kiingereza alikianza akiwa na miaka minane, au kama alikosa mwaka mzima wakati wa ukame. Vipimo vingi vilitengenezwa kwa watu wanaozungumza Kiingereza nyumbani, na mpimaji mzuri lazima apime kwa uangalifu jambo hilo. Kama lugha ya Kisomali itahitajika, ombeni mapema mkalimani ambaye si mtu wa familia.

Hatua ya nne: ripoti. Usiondoke kwa neno la mdomo. Ripoti iwe na jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, tarehe, vipimo vilivyotumika, matokeo, uamuzi ulio wazi, na mapendekezo: muda wa ziada kiasi gani, vifaa gani, msaada gani. Iwe na sahihi, cheo cha mpimaji na mhuri. Ripoti inayosema tu ‘ana shida ya kusoma’ haitamsaidia sana. Toa nakala nyingi. Ile ya asili ibaki nyumbani, si kwenye begi la safari.

RIPOTI INAFUNGUA MILANGO GANI?

Kwanza, mtihani wa kitaifa. Baraza la Mitihani, KNEC, huweka mipango kwa watahiniwa wenye mahitaji maalum, na mmoja wa mipango hiyo ni muda wa ziada wa dakika 30 kwa karatasi. Ombi hupitia kwa mwalimu mkuu, na hupelekwa mapema pamoja na ushahidi, wakati wa usajili. Mwezi wa Oktoba umechelewa. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake yuko sekondari asingoje mwaka wa mwisho.

Pili, kuchagua kozi. Shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, KUCCPS, limekuwa likiwapa kipaumbele waombaji wenye ulemavu katika kozi wanazozitaka. Lakini ulemavu ambao haukuandikwa popote hauwezi kuhesabiwa. Na ieleweke: ripoti haishushi ile alama ya C+ ya kuingilia digrii.

Tatu, chuo chenyewe. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kudhani chuo kitajua chenyewe. Hakitajua! Wiki ya kwanza ya kujiandikisha, mwanafunzi aende na nakala ya ripoti kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Vyuo vingine, kama Kenyatta, vina idara kamili ya kazi hiyo. Pale ambapo hakuna, aende kwa mkuu wa wanafunzi. Akabidhi barua fupi inayosema anaomba nini, na abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Mambo anayoweza kuomba ni kama haya:

(a) muda wa ziada katika mitihani, na chumba tulivu;
(b) ruhusa ya kurekodi mihadhara kwa simu;
(c) maelezo ya somo apewe kabla ya darasa;
(d) kuandika mtihani kwa kompyuta, au kusomewa maswali;
(e) asikatwe alama kwa tahajia pale ambapo tahajia si somo lenyewe.

Asingoje majibu ya ofisi ndipo aanze kujisaidia. Simu nyingi za siku hizi zina uwezo wa kusoma maandishi kwa sauti, na programu nyingine za kufanya hivyo hazilipishwi. Kwa kijana aliyekuwa akisomewa na wenzake bwenini, simu inaweza kuchukua nafasi yao.

Nne, haki ya kisheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kufikia taasisi za elimu. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilizitaka taasisi za elimu zizingatie mahitaji ya wanafunzi hao hata katika mitihani, na mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi yake. Sera ya Wizara ya Elimu ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu nayo inasisitiza kupimwa mapema na kusaidiwa. Chuo kikikataa bila sababu, mwanafunzi aandike barua kwa mkuu wa kitivo, halafu kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu au Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa. Lakini uzoefu unaonyesha kwamba upole na karatasi iliyo kamili hufika mbali kuliko ugomvi. Wahadhiri wengi hawakatai kwa ubaya. Hawajawahi kuelezwa.

KWA WALIO NA JAMAA NG'AMBO

Tuna jamaa wengi Uingereza na Marekani, na vijana wengine huenda kusoma huko. Uingereza, mwanafunzi ambaye ni mkazi halali kwa masharti yao anaweza kupata posho ya serikali ya kumnunulia vifaa na msaada, akiwa na ripoti ya mwanasaikolojia au mwalimu bingwa mwenye cheti cha kupima. Mwanafunzi anayetoka Kenya kwa viza ya masomo hapati posho hiyo. Hata hivyo, Sheria ya Usawa ya huko ya mwaka 2010 inakilazimu chuo kumfanyia marekebisho ya haki, kama vile muda wa ziada. Marekani, sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inafanya kazi inayofanana, ila vyuo vingi hutaka ripoti ya karibuni. Kwa hiyo kabla ya kusafiri, andikia chuo barua uulize wanakubali ripoti ya nani na ya mwaka gani. Kupimwa upya huko ni ghali sana.

MASWALI TUNAYOULIZWA

‘Mtoto wangu ataitwa kilema?’

Neno hili linawauma wazazi, hasa wenye mabinti, kwa sababu wanafikiria posa na ndoa. Tunasema hivi: ripoti ni siri ya mwenyewe. Haibandikwi ukutani. Anayeamua nani aione ni yeye akiwa mtu mzima. Cheti cha digrii huandika digrii, hakiandiki dakika za ziada. Na tujiulize, msichana anaumizwa zaidi na karatasi iliyo kabatini, au na kuitwa mjinga kwa miaka 12 mbele ya darasa?

‘Muda wa ziada si upendeleo?’

Hapana. Mwenye miwani hapewi macho ya ziada. Anapewa miwani ili aone ubao ule ule. Maswali ni yale yale, na kusahihisha ni kule kule. Dakika zile ni za kusoma swali, si za kuongezewa akili.

‘Nina miaka 24 na niko mwaka wa pili. Nimechelewa?’

Hujachelewa. Disleksia haiishi utotoni, na mtu mzima hupimwa pia. Ila usingoje mpaka uitwe na kamati ya nidhamu au uambiwe urudie mwaka. Nenda sasa, ukiwa bado na nguvu ya kujieleza.

‘Kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu inatosha?’

Kadi na ripoti ni vitu viwili. Kadi hupatikana baada ya kupimwa na madaktari wa hospitali ya serikali, na inahitajika kwa mfano mtu akiomba msaada wa karo kutoka kwa Baraza. Lakini kadi haiambii chuo unasoma kwa kasi gani wala unahitaji nini katika mtihani. Hiyo ni kazi ya ripoti.

‘Na akipimwa ikaonekana si disleksia?’

Hiyo nayo ni habari njema. Mtajua kwamba anahitaji mafundisho zaidi ya lugha, au miwani, au mapumziko baada ya mambo mazito aliyoyapitia. Hamkupoteza nauli. Mmeacha kubahatisha.

‘Je, kila mwenye disleksia ni lazima aende chuo kikuu?’

Sivyo. Kuna kazi nyingi za heshima ambazo mikono na macho hufundisha vizuri kuliko kitabu, na hapa hapa Griftu kuna kituo cha mafunzo ya wafugaji kinachojulikana. Lakini kijana achague njia hiyo kwa sababu anaipenda, si kwa sababu aliangushwa na kitu ambacho hakikupewa jina.

TUFANYE NINI SASA?

Mzazi: mwite mtoto wako pembeni, si mbele ya wageni, umuulize kwa upole, ‘Ukisoma, herufi zinakusumbua?’ Ukisikia ndiyo, usimpige wala usimcheke. Nenda kwa mwalimu wake na kwa maalim wake, kisha ofisi ya elimu.

Mwalimu: andika. Andika tarehe, andika alichosoma, tunza daftari lenye makosa yake. Mpimaji akiuliza shida ilianza lini, daftari la darasa la nne ni ushahidi kuliko maneno yetu sote. Na kabla msaada haujafika, usimlazimishe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Mpe swali kwa mdomo, uone alicho nacho.

Kijana: kama umejitambua katika ukurasa huu, wewe si wa kwanza wala si wa mwisho. Umefika hapo ulipo kwa kazi mara mbili ya mwenzako. Zungumza na mtu mmoja unayemwamini wiki hii, na umwombe akusindikize ofisi ya elimu.

Wazee na machifu: kwenye baraza, mnapotangaza dawa ya mifugo na vitambulisho, tangazeni na hili. Dakika mbili zinatosha.

Tunajua ofisi ziko mbali, nauli ni ghali, na wakati wa mvua barabara hukatika. Tunajua pia kwamba afisa mmoja hawezi kuwafikia wote. Ndiyo maana tunasema tuanze mapema, mtoto akiwa bado shule ya msingi, ili karatasi iwe tayari siku basi la Nairobi linapopiga honi. Kijana aliyechangiwa na kijiji kizima asirudi kimya kwa sababu ya jambo ambalo lina jina, lina kipimo, na lina msaada.